Kupanda Gari na Kupanda Mlima: Jangwa na Lifti katika Nathari ya Safari

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza nathari ya safari katika Kiswahili kutokana na aina moja ya safari ambayo ni nadra kuzungumzwa katika uhakiki wetu, yaani safari ya mtu anayeomba lifti kuvuka nchi ya joto kali ili apate kupanda mlima. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, hata la mchezo. Hata hivyo, ndani yake mna maswali ambayo mhakiki hawezi kuyakwepa: nani husafiri na nani hubeba, nani huketi kivulini na nani huketi juani, na lugha yetu huwaweka wapi watu ambao nchi yao msafiri huipita tu.

Mfano unaofaa uko karibu. Barabara kuu iitwayo A1 hutoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita Kisumu, Kakamega, Webuye na Kitale, hupanda hadi Kapenguria, kisha huteremka katika mwanya wa Marich na kuingia katika nchi kavu ya Turkana hadi Lodwar na kuendelea kaskazini. Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Lodwar kwa kawaida haipati hata milimita 250. Barabara ni moja, lakini mwisho mmoja una msitu mnene wenye matone, na mwisho mwingine una mchanga, miiba na upepo wa moto. Kando yake iko milima: Elgon upande wa magharibi, uitwao Masaba na Wabukusu, wenye mita 4,321, vilima vya Cherang'any, na Mtelo katika nchi ya Wapokot, wenye zaidi ya mita 3,300, ambao hutazama moja kwa moja nyanda za joto zilizo chini yake. Msafiri asiye na gari, anayesimama kando ya barabara hiyo na kuinua mkono, amekwisha kuingia katika masimulizi kabla hajaandika neno hata moja. Swali ni kwamba masimulizi hayo ni ya nani.

Safari na hoja yake

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kutazama nathari ya Kiswahili imemchukuliaje msafiri. Makala haya yatatumia vitabu vitatu vinavyopishana kwa karibu miaka mia moja: mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, na Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996. Vitabu hivi havifanani kwa fani wala kwa dhamira. Hata hivyo, vyote vitatu vinakubaliana katika jambo moja la msingi: safari ni lazima iwe na hoja.

Katika mkusanyo wa Velten, Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Hoja yake ni mali, na kila kituo hupimwa kwa chakula kilichopatikana, hongo iliyodaiwa, na hatari iliyoepukwa. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanatumwa nje ya nchi yao ili wakatafute mambo yatakayoifaa, na wanaporudi wanatiwa gerezani kwa sababu ya yale waliyoyaleta. Hoja ya safari zao ni manufaa ya umma, na kesi anayoisimamia Karama ni kesi ya thamani ya safari: je, aliyekwenda akarudi anastahili kusikilizwa? Katika Siku Njema, kijana Kongowea anaondoka Tanga na kuingia Kenya, akielekea sehemu za magharibi, ili kumtafuta baba yake. Hoja yake ni nasaba. Mali, umma, nasaba: hizo ndizo nguzo tatu za safari katika nathari hii.

Sasa tumfikirie msafiri wa lifti anayekwenda kupanda mlima. Dereva wa lori anaposimama, swali lake la kwanza baada ya salamu ni lile lile: unakwenda wapi, na una nini huko? Msafiri akijibu kwamba anakwenda kupanda mlima kisha ashuke arudi, dereva hustaajabu. Wako wanaoona kuwa kustaajabu huko ni ushamba, yaani dalili ya mtu asiyejua starehe za kisasa. Maoni hayo hayana msingi. Swali la dereva ni swali la kifasihi. Ni dai lile lile ambalo nathari ya Kiswahili imekuwa ikilitoa tangu wakati wa misafara: msafiri aonyeshe hoja yake. Mwandishi wa leo ana uhuru wa kuwa na hoja mpya, lakini hana uhuru wa kujifanya kwamba hakuulizwa.

Zaidi ya hoja kuna marejeo. Methali husema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sleman hurudi na hesabu ya mali na maisha, na wajumbe wa Kusadikika hurudi na elimu inayowaponza. Msafiri wa mlima hurudi na nini? Kama hurudi na kilele peke yake, safari yake ni nusu. Kilele hakihamishiki, na aliyekifikia hawezi kukileta nyumbani. Anachoweza kukileta ni watu aliokutana nao njiani. Hapa ile methali nyingine, kwamba milima haikutani, binadamu hukutana, inaacha kuwa maneno ya kuagana tu na kuwa kanuni ya utunzi.

Anayebeba na anayebebwa

Katika mkusanyo huo huo wa Velten mna masimulizi ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, katika safari ya Urusi na Siberia mwaka 1896. Masimulizi hayo yamesifiwa kwa sababu yanageuza mambo: Mwafrika ndiye anayetazama, na watu wa Ulaya na Asia ndio wanaotazamwa. Sifa hiyo ni ya haki. Salim anaandika juu ya Wakirgizi na Wakalmiki kwa makini yale yale ambayo wageni waliandika juu ya watu wa Afrika Mashariki, na anatambua pia kwamba yeye mwenyewe ni kioja machoni pa wale anaowatazama.

Lakini kuna jambo jingine katika masimulizi hayo linalohusu mada hii zaidi. Salim ni msafiri anayebebwa. Hakuichagua njia, hakuilipia, wala hakuamua pa kulala. Safari ni ya bwana. Macho ni yake. Kwa maana hiyo yeye ni babu wa msafiri wa lifti. Mwenye kuomba lifti naye huingia katika safari ya mtu mwingine: lori lilikwisha kupakiwa mzigo wake, lina saa zake za kuondoka na vituo vyake, na mgeni hupachikwa tu. Fadhila ya nathari ya Salim ni kwamba hali hii haifichwi. Msomaji hasahau hata ukurasa mmoja kwamba msimulizi ana bwana. Nathari nyingi za safari za siku hizi hufanya kinyume: msimulizi husema kana kwamba barabara nzima imetandikwa kwa ajili yake, na dereva ni sehemu ya mandhari.

Tuchunguze basi lori lenyewe katika barabara ya Kitale na Lodwar. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992, malori yenye chakula yamekuwa yakipita huko. Baada ya mafuta kugunduliwa Turkana mwaka 2012, mafuta ghafi nayo yalichukuliwa kwa malori hadi Mombasa kati ya mwaka 2018 na 2020. Juu ya hayo kuna mifugo, saruji, unga, makaa na samaki wakavu wa ziwani. Lori kama hilo lina dereva, lina utingo, au taniboi kama asemavyo Mkenya, na mara nyingi lina abiria. Sehemu ya mbele, karibu na dereva, ina kivuli na kiti. Juu ya mzigo hakuna kivuli wala kiti. Nani huketi wapi? Mgeni, hasa mgeni wa mbali mwenye mkoba wa mgongoni, aghalabu hukaribishwa mbele. Mama wa Kiturkana anayempeleka mtoto hospitalini, na mchungaji anayerudi kutoka mnadani, hupanda juu. Wote wanasafiri katika jangwa moja, saa ile ile, lakini hawapati jua moja.

Hili ndilo jambo ambalo nathari ya joto la jangwa hulisahau mara kwa mara. Joto huelezwa kama adui wa wote, au kama jaribio la ushujaa wa msimulizi. Kwa kweli joto hugawanywa, na hugawanywa kwa kufuata tabaka, fedha na rangi ya ngozi. Mwandishi anayeeleza jua la Lokichar bila kueleza ameketi wapi amemficha msomaji jambo lililo muhimu kuliko kipimo cha joto.

Vivyo hivyo kuhusu malipo. Lifti, kwa maana yake ya asili, ni ya bure. Katika barabara za kaskazini lifti nyingi si za bure. Kuna kiasi kinachotolewa kwa dereva, huitwa ya chai au nauli ndogo, na bei yake hupatanwa kabla ya mguu kuwekwa garini. Kuna pia lifti za bure kabisa, zitolewazo kwa huruma au kwa kupenda mazungumzo. Msimulizi aliyelipa akaandika kwamba alichukuliwa kwa wema ameugeuza mkataba kuwa fadhila, na aliyechukuliwa bure asimtaje dereva ameigeuza fadhila kuwa haki yake. Makosa haya mawili yanaonekana kupingana, lakini chanzo chao ni kimoja: dereva hakuhesabiwa kuwa mhusika.

Lugha ya njia

Yafaa sasa kuitazama lugha yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina vifaa ambavyo mwandishi wa safari hii anaweza kuvitumia bila kuazima vya wengine. Kitenzi cha kwanza ni panda. Mtu hupanda gari, na mtu huyo huyo hupanda mlima. Kinyume chake ni shuka, nacho hutumika kwa vyote viwili. Mzungumzaji wa kawaida hasikii ajabu yoyote katika matumizi hayo, lakini mtunzi makini anaweza kuona kwamba lugha imekwisha kuziunganisha sehemu mbili za safari. Katika gari, kupanda ni tendo la mara moja, na baada yake mtu hukaa tu huku nguvu za mashine zikifanya kazi. Katika mlima, kupanda hakumaliziki. Kila hatua ni kupanda upya. Mtunzi akitaka kutofautisha ana kukwea na kuparaga kwa ajili ya mwamba na mti, na ana kudandia kwa ajili ya chombo kinachopandwa kwa kunyemelea au kwa kuning'inia. Msamiati upo, kinachokosekana ni mazoea ya kuuchagua.

Neno lifti lenyewe lilitoka Kiingereza, lakini limekwisha kupata sarufi yake. Katika Kiswahili mtu huomba lifti, hupewa lifti, au hunyimwa. Vitenzi hivi ni vya uhusiano wa watu wawili. Haielekei kusimulia lifti kwa Kiswahili safi bila kumtaja, angalau katika umbo la kitenzi, mtu aliyetoa. Hali kadhalika kuna tofauti ya kufika na kufikia. Msafiri hufika mahali, lakini hufikia kwa mtu. Anayeuliza mgeni amefikia wapi anataka kujua mwenyeji wake ni nani. Mgeni asiye na mahali pa kufikia, hata akiwa amefika, bado yuko njiani.

Jambo la pili ni nyakati za vitenzi. Masimulizi ya misafara katika mkusanyo wa Velten huendeshwa kwa kiambishi -ka-: wakaondoka, wakafika, wakalala, wakaondoka tena. Kiambishi hicho kinafaa sana kwa mwendo, kwa sababu huunganisha tukio na tukio. Lakini joto si tukio. Joto halitukii, joto huwapo. Mwandishi anayeusukuma ukurasa mzima kwa -ka- atavuka jangwa lote bila msomaji kutokwa na jasho. Hali ya jangwa huhitaji -ki- ya jambo linaloendelea, hu- ya mazoea, na wakati mwingine sentensi isiyo na kitenzi cha mwendo kabisa. Mlimani mambo ni yale yale kwa namna nyingine: uchovu wa mpandaji ni hali, na kilele ni tukio. Anayejua kupishanisha -ki- na -ka- ana nusu ya fani ya safari hii mkononi mwake.

Jambo la tatu ni majina ya vitu. Mwaka 1848, Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro, aliandika kwamba mmoja wa waliomwongoza hakuwa na jina jingine la ule weupe wa kileleni ila baridi. Wasomi kadhaa wa Ulaya, akiwamo William Desborough Cooley, hawakusadiki kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Tukio hilo limezoeleka kusimuliwa kama habari ya ugunduzi. Kwa mhakiki wa lugha lina maana nyingine. Kiongozi yule hakukosea. Mtu wa pwani aliyelelewa katika joto alikitaja kitu kwa jinsi mwili unavyokisikia, wala si kwa jinsi jicho linavyokiona. Neno theluji, lililotoka Kiarabu, ni sahihi zaidi katika kamusi. Neno baridi ni sahihi zaidi katika masimulizi. Mwandishi wa leo anayetoka katika joto la Turkana kwenda kwenye ukungu wa Mtelo angefaidika kwa kumfuata kiongozi yule kuliko kumfuata Cooley.

Jangwa ni la nani?

Neno lenye mzigo mkubwa kuliko yote hayo ni jangwa. Kwa msomaji wa Kiswahili jangwa ni mahali pasipo kitu. Je, Turkana ni jangwa? Sehemu zake ni kame mno, nazo zina uchanga na mawe. Lakini zina mito ya msimu, zina mikunga na minazi-mwitu kandokando ya Turkwel, zina visima vyenye wenyewe, na zina watu wanaojua kila kisima. Kuiita nchi hiyo jangwa tupu si kueleza hali ya hewa. Ni kutoa hukumu.

Hukumu hiyo ina historia. Serikali ya kikoloni ilizifunga wilaya za kaskazini kwa sheria, hata mtu asiye mwenyeji akahitaji kibali ili aingie. Hiyo ndiyo nchi iliyochaguliwa kuwa gereza. Baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, na baadaye Kenyatta akawekwa Lodwar kati ya mwaka 1959 na 1961. Kufungiwa huko kuliwezekana kwa sababu wakoloni walikwisha kuifanya nchi hiyo ionekane kama ukingo wa dunia. Baada ya uhuru, Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo zitangulie kupelekwa katika sehemu zenye uwezo mkubwa wa kuzalisha. Sehemu kame zikabaki nyuma, barabara zake zikabomoka, na lifti ikawa si mchezo wa vijana bali njia ya kawaida ya kwenda hospitalini.

Kiswahili kimewahi kufanya kosa la namna hii. Neno nyika, yaani nchi kavu iliyo nyuma ya pwani, liligeuzwa kuwa jina la watu, na watu wa makabila tisa wakaitwa Wanyika kwa muda mrefu, hadi walipojichagulia jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Jina la mahali lilibeba dharau, na dharau ikahamia kwa watu. Wahakiki wana wajibu wa kuangalia neno jangwa lisifanye kazi ile ile kwa Waturkana, Wagabra na Warendille.

Kasoro za nathari mpya

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofanana na insha nyingi za safari zinazoandikwa leo: “Tulivuka jangwa tupu lisilo na uhai. Lori moja likatuchukua. Baada ya saa sita tukauona mlima.” Sentensi ni fupi, sarufi haina kosa, na mwalimu wa shule angezipa alama nzuri. Lakini zichunguzwe. Sentensi ya kwanza inakanusha uhai mahali ambapo lori limetoka na linakokwenda. Kama hapana uhai, chakula kinapelekwa kwa nani? Sentensi ya pili inalifanya lori kuwa mtenda. Dereva, utingo, mapatano ya fedha na mpango wa kuketi vyote vimemezwa na nomino moja. Sentensi ya tatu inaruka saa sita za joto kwa kiambishi kimoja ili iufikie mlima, kana kwamba mlima ndio mwanzo wa safari.

Asili ya mtindo huu si vigumu kuitambua. Ni nathari ya safari ya kigeni, ambamo msimulizi hutoka katika nchi ya mbali kuja kujipima nguvu na nchi ya joto, na wenyeji huwa ama wasaidizi ama vizuizi. Nathari hiyo ina haki ya kuwapo katika lugha zake. Ikiingizwa katika Kiswahili huleta mgongano, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha inayozungumzwa ndani ya lori. Mluhya, Mpokot, Mturkana na Mkikuyu wanaokutana katika safari ile hawana lugha nyingine ya pamoja inayowatosha. Msimulizi anayeandika kwa Kiswahili hawezi kujifanya kwamba wenzake hawataisoma. Msomaji wake wa kwanza ni yule yule aliyeketi juu ya mzigo.

Je, kupanda mlima ni ugeni?

Huenda ikapingwa kwamba mjadala huu hauna haja, kwa kuwa kupanda mlima kwa ajili ya kupanda tu ni jambo la Wazungu, na hivyo nathari yake itakuwa ya kigeni daima. Hoja hii hupendwa na watu wa pande mbili: wale wanaotaka kuulinda utamaduni, na wale wanaodhani kwamba Mwafrika hana jicho la kuona uzuri wa mlima. Wote wawili wamekosea.

Kwanza, wageni wengi waliopanda milima mikubwa ya Afrika Mashariki waliipanda pamoja na wenyeji. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, walikuwa wamesafiri na wapagazi na waongozaji, na jina la Yohani Kinyala Lauwo limehifadhiwa katika kumbukumbu ya Wachaga kwa sababu hiyo. Hadi leo wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu. Neno hilo lina nathari nzima ndani yake: wanaobeba chakula, mahema na viti vya wengine, na kupanda mlima ule ule mara nyingi kwa mwaka, hawahitaji kuuthibitishia ulimwengu kitu. Pili, mataifa yetu yenyewe yaliutumia mlima kama ukurasa. Tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge wa Uhuru Kilimanjaro, na Desemba 1963 Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Safari hizo zilikuwa na hoja, tena hoja ya umma, kama safari za wajumbe wa Kusadikika. Tatu, jamii zinazoishi chini ya milima hiyo zina masimulizi, makatazo na heshima zake juu yake. Kwa Wapokot, Mtelo si uwanja wa mazoezi.

Kwa hiyo tatizo si kupanda mlima. Tatizo ni kuupanda katika maandishi kana kwamba hakuna aliyewahi kuupanda, kuuombea au kuubebea mzigo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba safari ya lifti kupitia joto la jangwa hadi mlimani si mada ngeni kwa Kiswahili, bali ni mada inayokidai Kiswahili kitumie vifaa vyake. Mapokeo ya nathari yanamtaka msafiri aonyeshe hoja ya kwenda na faida ya kurudi. Masimulizi ya Salim bin Abakari yanamfundisha anayebebwa asifiche kwamba anabebwa. Sarufi ya lifti inamtaka atoaye atajwe. Historia ya kaskazini inaonya dhidi ya neno jangwa tupu.

Kutokana na hayo, mhakiki anaposoma nathari ya safari, awe anasoma kitabu kilichochapishwa au insha ya mwanafunzi, anaweza kuuliza maswali manne. Dereva anaitwa nani, na alilipwa kiasi gani? Msimulizi aliketi wapi, na nani aliketi juani? Nchi iliyopitwa ina majina ya mahali, au ina sifa tu? Na mwisho, msafiri alifikia kwa nani? Kazi inayoyajibu maswali hayo inaweza kuwa na upungufu mwingine wa kifani, lakini haitakuwa ya uongo. Kazi isiyoyajibu, hata kama kilele chake kinang'aa namna gani, itakuwa imewaacha watu wake barabarani. Mitaala ya vyuo vilivyo kandokando ya barabara hiyo ingefanya vyema kuanza na masimulizi ya madereva, matingo na abiria wa juu ya mzigo, yakusanywe kwa Kiswahili chao wenyewe, kabla wenye kuyakumbuka hawajaondoka.